Seva Niliyoipata kwa Bei Nzuri

Shilingi elfu thelathini na sita, mia tisa na hamsini. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kwa sababu wako watu hujumlisha upande mmoja tu, na hao ndio huibiwa sokoni. Umeme sikuutia. Mita imeandikwa jina la mume wangu, naye ana hesabu zake. Kwa fedha hizo mtu angekodi seva ya gemu Nairobi mwaka mzima na miezi miwili, akabakiwa na mia tano na hamsini za halua. Mimi sikukodi. Mimi nilinunua, na nilinunua kwa bei nzuri, na mpaka leo hakuna mtu hapa Amu anayeweza kusimama mbele yangu akasema ile kompyuta angeipata kwa chini ya pale.

Kazi yangu ni kuuza nguo. Leso, madira, mabuibui, na mitandio inayoitwa ya Dubai kwa sababu ilipita Dubai. Duka liko chini ya nyumba, sisi tunaishi juu. Kompyuta nilikuwa nazijua kwa sura tu, kama mtu anavyowajua watoto wa jirani. Aliyeniingiza katika biashara ya seva ni binti wa kaka yangu.

Kaka yangu ana kazi ya ofisi Faza. Binti yake alimaliza shule, akakaa nyumbani na simu, na baba yake akawa na hakika kwamba anachati na wavulana. Kumbe alikuwa anaendesha mji.

Ni gemu ya kujenga. Unaingia kwa simu yako, unachimba, unapata mawe na mbao, unajenga. Mwingine yuko Pate, mwingine Mbwajumali, mwingine anaendesha lori Arabuni, na wote mmo ndani kwa wakati mmoja, mnaonana, mnauziana vitu, mnagombana. Mui wao, kama tunavyoita mji sisi wa huku, waliujenga jiwe kwa jiwe kwa muda wa mwaka na zaidi. Una vichochoro, una soko la Alhamisi baada ya sala ya alasiri, una gati. Msikiti walipoujenga walibishana wiki nzima kibla kielekee wapi, katika dunia ambayo jua lake huchomoza kila baada ya dakika ishirini. Mwisho wakaelekeza kaskazini kama sisi, wakanyamaza.

Na kila anayeingia hulipa mia na hamsini kwa mwezi. Hapo ndipo nilipokaa kitako nikasikiliza vizuri. Watu arobaini na mmoja, mia na hamsini kila mtu. Nilizidisha kitwani, kisha nikazidisha tena kwa vidole. Elfu sita, mia moja na hamsini. Nina leso ambazo haziniletei hivyo.

Seva, nilivyoelezwa, ni kompyuta isiyolala ambamo mui wote umewekwa. Ikiwaka, watu wanaingia. Ikizimwa, hakuna mui. Yake alikuwa ameikodi kwa kampuni fulani ya Ulaya kwa elfu moja na mia nane, na kampuni ilimwandikia kwa maneno matamu sana kwamba kuanzia mwezi ujao ni elfu tatu na mia sita. Asipolipa, watafuta kila kitu. Mui wenyewe unabebeka, aliniambia, ni faili tu, unaunakili na kwenda nao. Lakini lazima uwe na mahali pa kuutua.

Hayo angeyamaliza mwenyewe kama si baba yake. Kaka yangu alipogundua kwamba binti yake anapokea fedha za watu wasiojulikana, alisimama kama afisa wa forodha. Mjomba wa yule binti ana duka la vipuri Mombasa na anataka mtu wa kukaa kwenye kaunta, mwaminifu, asiyechoka kusikia habari za breki. Kaka akatoa uamuzi: mpaka mwisho wa Rajabu. Ukifika mwisho wa Rajabu ana watu arobaini wanaolipa, basi hiyo ni kazi, aendelee nayo. Wakiwa thelathini na tisa, Mombasa. Arobaini aliitoa wapi sijui. Nadhani aliipenda sauti yake.

Kwa hivyo binti akapanda boti akaja Amu, akakaa kwangu. Nilidhani amefuata intaneti. Kumbe alinifuata mimi.

"Shangazi," akasema, "mimi seva nazijua. Kununua ndiko sijui. Nikitajiwa bei nasema sawa."

"Nani kakufundisha tabia hiyo?"

"Internet."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba ndia ni mbili. Ya kwanza ni kukodi tena, safari hii kwa kampuni ya Nairobi, karibu, ili gemu isikawie. Ya pili ni kununua kompyuta yetu, tukaiweka nyumbani, tukawa na seva yetu wenyewe.

"Wewe wataka ipi?"

"Kukodi, Shangazi. Umeme wao haukatiki, laini yao ina kasi, na kitu kikiharibika ni shida yao."

"Bei?"

"Elfu mbili na mia sita kwa mwezi. Lakini sasa kuna ofa. Elfu mbili na mia moja kwa miezi mitatu ya kwanza. Mwisho Jumapili."

"Hiyo ndiyo ya kuanzia."

"Shangazi, hiyo ndiyo bei."

Nilimhurumia. Nikamwambia alete simu, anionyeshe huyo muuzaji anapatikana wapi.

Alipatikana kwenye kisanduku kidogo pembeni mwa skrini. Nikamtolea salamu, nikamuuliza habari za kazi na za nyumbani. Akanijibu kwa kunitaka nichague moja, mbili au tatu. Binti akasema hiyo ni mashine, nibonyeze tatu nipate mtu. Nikabonyeza. Mtu akaja, au mashine iliyosomeshwa zaidi.

"Bei ya mwisho ngapi?" nikaandika.

"Ni shilingi 2,100 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, mpendwa mteja."

"Hiyo nimeshaiona. Nauliza ya mwisho."

"Ndiyo ya mwisho, mpendwa mteja."

"Elfu moja na mia mbili, nakulipa ya miezi mitatu sasa hivi, fedha taslimu."

"Samahani, bei zetu ni moja kwa wateja wote."

"Alhamdulillahi. Na kwa mteja mwenye watu arobaini nyuma yake?"

Alama ya kuandika ikaanza kucheza, nikajua ameingia. Kisha akaniandikia kwamba kwa watu arobaini angenishauri kifurushi kikubwa zaidi, cha elfu nne na mia tisa.

Nimeuza nguo miaka mingi. Nimeuziwa na Wahindi, Waarabu, Wasomali na watu wa kwetu, ambao ndio wagumu kuliko wote. Sijapata kuona mtu unamwomba apunguze akapandisha.

Mambo yakifika hapo, huku kwetu mnunuzi hana budi kuondoka. Wageni hudhani kuondoka ni kukataa. Kuondoka ni sehemu ya kununua, tena ndiyo sehemu yenye kazi. Unarudisha kitambaa mahali pake, unafunga mkoba, unamwombea muuzaji riziki, unatembea. Usitembee haraka, ukitembea haraka atakuamini. Kabla hujafika kona utasikia akikuita urudi: "Bi! Bi, ndoo!" Unageuka kwa uvivu, na bei imeshuka. Mimi mwenyewe huwaita watu hivyo kila siku, na sijaona aibu.

Basi nikaandika: "Haya, Mungu akupe riziki." Nikafunga kisanduku, nikaiweka simu juu ya kaunta, uso juu, ili nimsikie akiita.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi binti akapita mara kadhaa akiitazama simu, kisha akinitazama mimi.

"Shangazi, tulipe?"

"Tulia. Anajifanya."

"Nani?"

"Muuzaji."

"Shangazi, hata hajui umeondoka."

Jumapili jioni simu ikalia. Nilimwonyesha binti kidole, nikamwambia asome kwa sauti, ajifunze kitu. Akasoma: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali tupe nyota kwa huduma uliyopata leo." Niliwapa mbili, nikabakisha tatu za kuwapa wakipunguza. Jumatatu ofa ilikuwa imeondolewa, na bei imerudi elfu mbili na mia sita, bila mtu hata mmoja kuniita.

Sasa, mtu mwenye akili ya kawaida angelipa hiyo elfu mbili na mia sita. Binti aliniambia hivyo, kwa adabu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Ukishaondoka huwezi kurudi mwenyewe ukalipa zaidi ya ile uliyoikataa. Hata punda angenicheka.

Nikasema tununue.

Nyuma ya soko kuna bwana anayeuza kompyuta zilizotumika, anazitoa maofisini Mombasa zinapobadilishwa. Binti alinifunza tukiwa ndiani: tusitazame kioo wala rangi, tutazame kitu kinachoitwa RAM. Hiyo ni kama ukubwa wa baraza, akasema. Wageni wakiwa wengi na baraza ndogo, wengine watakaa miguu nje. Tunataka kumi na sita, chini ya hapo tusichukue. Nikamwambia nimesikia.

Yule bwana alitukaribisha, akafuta vumbi juu ya mashine moja nyeusi kwa mkono wa shati.

"Bi, hii ilikuwa ya benki."

"Benki gani, ile iliyofilisika?"

"Wallahi ni nzima. Elfu ishirini na tano."

"Nakuuliza bei ya kompyuta, si ya benki."

Akacheka, nikajua tuko pamoja. Lo, ilikuwa kama kurudi nyumbani baada ya kulala kwa watu. Nikamtajia elfu kumi na mbili, akashika kifua. Akaniambia ana watoto, nikamuuliza majina yao. Akashuka ishirini na mbili, nikapanda kumi na tatu, akanitajia ukoo wangu, nikamtajia wake. Binti alinivuta kanga.

"Shangazi, RAM ni nane."

"Kwa bei hii?"

"Kwa bei yoyote, Shangazi. Ni nane."

Yule bwana akasikia, akasema anayo ya kumi na sita pale pembeni, elfu ishirini na mbili, na hiyo haina mazungumzo, ameiweka kwa gharama yake. Nikamjaribu. Hakushuka hata shilingi. Nikamjaribu tena kwa upande wa dini. Hakushuka. Mtu akisimama hivyo juu ya kitu, ama kitu kina kasoro, ama yeye hakulelewa. Nikarudi kwenye ile nyeusi. Nikamwombea riziki, nikatoka, nikafika pale punda wanapofungwa.

"Bi! Bi, ndoo!"

Elfu kumi na sita na mia tano. Na nyongeza nikapata kibodi, panya ya kompyuta na mfuniko wa plastiki wenye maua. Tuliiweka juu ya mkokoteni, nikatembea nyuma yake kama mama wa bibi harusi. Watu waliokaa kwenye madaka, mabaraza ya mawe milangoni mwao, waliniuliza bei, nami niliwajibu wote, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Binti alitembea mbele. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Niseme ukweli, mashine iliwaka vizuri. Mui ukahama kutoka Ulaya ukaingia kwenye chumba changu cha akiba, kati ya majora ya vitambaa, na kwa siku mbili nilikuwa mwenye mui.

Gharama zilianza siku ya tatu. Ruta ya zamani haikutosha, tukaagiza mpya pamoja na waya, elfu nne, mia tatu na hamsini, na boti na wapagazi wa kuifuata Mokowe, elfu moja na mia tano. Ukuta wa nyumba yetu ni wa matumbawe, upana wake kama urefu wa mkono wangu, na mume wangu alisema atakayeutoboa atoboe na kaburi lake hapo hapo. Waya ukapitia dirishani, ukazunguka nje, ukaingia kwa dirisha la pili. Fundi akataka elfu tatu kwa hiyo safari ya waya. Nikampa mbili, akaridhika, na hiyo naiweka upande wa faida.

Kisha ikaonekana kwamba watu hawaingii. Binti akanieleza kuwa mtaa mzima tunatumia anwani moja ya intaneti, kama nyumba kumi zenye mlango mmoja wa mbele. Mgeni anabisha hodi, na hakuna anayejua ni mgeni wa nani. Inatakiwa tununue anwani yetu, ya kudumu, elfu moja kila mwezi. Nikamwita wakala wa intaneti nikamwambia mimi ni mteja wa zamani, anipe anwani iliyotumika. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye daka. Nikalipa, na mpaka leo nimeilipa miezi minne.

Umeme ukakatika. Huku kwetu umeme hukatika, hilo si habari, lakini zamani ukikatika tulikuwa tunawasha taa ya betri na kuendelea na maisha. Sasa ukikatika, simu yangu ndiyo inayowaka. Nikanunua betri ya akiba, elfu saba na mia mbili. Inashikilia nusu saa, muda wa kutosha wa kuwaomba watu radhi. Halafu joto. Fundi akasema chumba kifunguliwe dirisha. Likafunguliwa, hewa ya bahari ikaingia, na wiki chache baadaye skrubu za kompyuta zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya manjano. Ukiifungia inachemka, ukiifungulia inaoza. Feni ndogo, elfu moja na mia nne.

Hesabu imetimia hapo. Jumlisha mwenyewe, kisha jumlisha tena.

Lakini ile RAM ya nane ndiyo iliyotumaliza. Watu kumi wakiwa ndani, mui ulikwenda vizuri. Wakizidi kumi na tano, kila kitu kilikuwa kizito kama uji uliopoa. Alhamisi ya kwanza ya soko, kijana mmoja wa Mbwajumali aliruka kutoka juu ya ukuta akabaki hewani, hashuki, hapandi, robo saa nzima, akituandikia maneno ambayo binti alikataa kunisomea. Wengine wakawa wanalipa vitu na vitu haviji. Na umeme ukikatika ghafla kabla betri haijashika, mui ulirudi nyuma kama ulivyokuwa saa kadhaa kabla, na kazi ya mtu ikapotea.

Namba yangu ya duka ilijulikana, kwa hivyo nililetewa mashtaka.

"Bi, nimepanda tikiti mistari mitatu, nimekwenda kusali, nimerudi hazipo." Huyo alikuwa mwanamke wa Pate, ana shamba la kweli na la gemu, na la gemu ndilo lililomuuma.

"Pole, mwanangu. Za kweli zipo?"

"Za kweli zipo."

"Basi ushukuru."

"Bi, sikulipa mia na hamsini ili nishukuru."

Yule wa lori wa Arabuni akanitumia sauti, nyuma yake magari yakipiga honi: "Shangazi yangu, nimetoka kazini mbio niwahi soko, naona mlango umefungwa. Mumehama nti?" Nti ni nchi, kwa lugha yetu. Wengi waliniita shangazi wakati ule. Wakigombana na mtu wanamtafutia udugu kwanza.

Nikafanya ninachokijua. Niliwapunguzia. Huyu nilimwambia mwezi huu atoe mia, yule nikampa wiki mbili bure, mwanamke wa tikiti nikamwahidi mtandio. Binti aligundua alipofunga hesabu ya mwezi, akaniuliza kwa nini kila mtu analipa bei yake. Nikamwambia hivyo ndivyo biashara inavyokwenda. Akasema, "Na wanaondoka, Shangazi." Na kweli walikuwa wanaondoka. Kutoka arobaini na mmoja wakawa thelathini na watatu, kisha ishirini na sita. Mwanzoni mwa Rajabu walikuwa ishirini na wawili. Kaka alikuwa akipiga simu kutoka Faza kila Ijumaa baada ya sala, akiuliza swali moja tu, "Wangapi?", na binti alimwambia idadi ile ile iliyokuwapo. Hakuongeza hata mmoja. Nilikuwa nasimama pembeni nikimtazama nikijiuliza mtoto huyu ni wa damu yetu kweli.

Asubuhi moja alinijia dukani, nikiwa nakunja madira.

"Shangazi, nina ombi. Usikasirike."

"Sema."

"Nataka kulipa bei iliyoandikwa."

Niliendelea kukunja. Dira lile nililikunja vibaya, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Fedha unazo?"

"Nilizoweka."

"Elfu mbili na mia sita kamili? Hata mia huwaombi?"

"Hata mia."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua simu. Hakutoa salamu. Hakuuliza habari za nyumbani kwao. Alibonyeza, akaandika namba ya siri, fedha zikakatwa, na kabla sijamaliza kupanga madira rafuni mui ulikuwa Nairobi. Nikamuuliza kama wamempa nyongeza yoyote. Akasema wamempa RAM kumi na sita.

Ile kompyuta nyeusi sasa iko dukani chini ya maonyesho ya mitandio, ina maua yake, inasimama vizuri. Sijafikiria kuiuza. Wanaonitajia bei wananitusi.

Na watu wakaanza kurudi. Kwanza kijana wa Mbwajumali, akaruka ukuta ule ule ili ahakikishe, akatua. Yule wa Arabuni akarudi na wenzake wanne wa karakana. Mwanamke wa tikiti akarudi bila kuniambia, niliona jina lake tu. Binti aliweka bei moja, mia na hamsini, akafuta punguzo zangu zote siku moja, na mimi nilikaa nikisubiri ghasia. Wawili walilalamika. Waliobaki walilipa kama watu wanaonunua stempu.

Mpaka leo asubuhi wako thelathini na sita. Nimewahesabu kwenye skrini yake, kisha nikamwomba azime na awashe, nikawahesabu tena. Thelathini na sita. Rajabu inaisha na kaka anakuja Ijumaa, kwa boti ya asubuhi, na sidhani anakuja kwa ajili ya biriani langu. Yule mjomba wa Mombasa amekwisha kununua kiti cha kaunta. Wamewahi kunipeleka kwenye duka lile. Dirisha moja, linatazama ukuta wa gereji.  Jana binti alikaa mchana kutwa akiwasaidia watoto wa Pate kujenga shule ndani ya mui, jiwe kwa jiwe, akiwasahihisha milango, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliye kazini.

Nilimwambia ashushe bei kwa wiki moja tu, wanne watapatikana kabla ya Ijumaa. Akanitazama. "Shangazi, nikishusha kwa wanne, hawa thelathini na sita nitawaambia nini?" Nikarudi dukani kukunja leso zilizokwisha kukunjwa. 

Lakini nina laini tatu za simu. Mume wangu ana moja, na mfanyakazi wangu wa dukani ana yake na hajui kukataa. Ningeweza kuingiza watu wanne leo hii, kwa majina ya kuzua, mia na hamsini kila mmoja, mia sita zote pamoja, bila kuomba punguzo. Kaka atahesabu arobaini, kwa sababu atahesabu mara mbili kama mimi, na zitatimia mara zote mbili. Upande wa pili, binti akijua, na anajua kila anayeingia mui wake na aliyepita mlango gani, huenda akawaondoa mwenyewe mbele ya baba yake, akapanda boti kwenda kwenye kile kiti. Namjua, ingawa simwelewi. Na kuna ndia ya tatu, nimkabili kaka mwenyewe nimwambie thelathini na sita ni watu wengi, lakini huyo nimepatana naye bei tangu utotoni na sijamshusha hata mara moja.

Leo ni Jumatano. Niwaingize hao wanne, au niwaache thelathini na sita wabaki thelathini na sita? Mwenye ushauri anipe kabla ya boti ya Ijumaa. Duka liko wazi mpaka magharibi, na kwa hili sitabishana na mtu.